Mashetani wa Barabara ya Upanga

Kwetu Mwankoko, msomaji wangu, kila mtoto alikuwa mfinyanzi. Mvua zikishaanza, sisi wachunga ndama tulikaa kando ya yale majabali ya Singida tukifinyanga ng'ombe wa udongo: fahali mwenye nundu, mtamba mwenye pembe za vijiti. Jioni tuliwabeba taratibu hadi nyumbani, mikono ikinuka tope na samadi, mama akitufokea tunawe kwanza ndipo tuguse ugali wa uwele na mlenda. Asubuhi mbuzi wameshawakanyaga ng'ombe wote, nasi tunaanza upya bila kinyongo.

Basi nilipokwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, siku moja nikapita barabara ya Upanga, nikakutana na lango la Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Miguu ikagoma. Chuma kimekunjwa kikawa viumbe wenye masikio mapana, midomo minene na matumbo yaliyotuna, wanasukumana, wanacheka, wanacheza ngoma wasiyoisikia wapita njia.

"Hao mashetani wa Mzee Lilanga," muuza machungwa akaniambia, kisu hakijaacha kumenya. "Usiwaogope, kijana, hawana neno."

George Lilanga alikuwa Mmakonde, mzaliwa wa mwaka 1934 upande wa Lindi. Nilipokuja kusikia kwamba utotoni alianza kwa kuchonga mihogo, kabla mkono wake haujauzoea mpingo, nilifurahi kama niliyepata habari za ndugu. Pale Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, alianza kama mlinzi wa usiku. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa msanii humo humo. Mlinzi akaonyesha alichonacho, akapewa nafasi, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington, Marekani.

Ndani ya Nyumba ya Sanaa kulinukia nta ya batiki ikichemka na rangi mbichi. Patasi zililia ko-ko-ko toka asubuhi, na vijana walemavu walijifunza kazi bega kwa bega na wenzao. Lakini mimi moyo wangu ulibaki langoni. Picha ya ukutani huiona aliyeingia. Lango lile lilikuwa la mpiga debe, la mama ntilie, la mtoto wa shule anayengoja basi. Nimewaona wapagazi wakitua mizigo yao na kubishana shetani yupi anafanana na bosi wao. Hakuna aliyewadai kiingilio.

Kisukari kilimsumbua sana mzee, naye hakuacha kuchora. Alifariki mwaka 2005, hapo hapo Dar. Baadaye na Nyumba ya Sanaa ikavunjwa, maghorofa yakapanda. Mji ukikua hauombi ruhusa, nami sikutegemea ungesimama kwa ajili ya lango. Hata hivyo iliniuma.

Siku hizi nimerudi Mwankoko, kwenye alizeti na kuku wangu. Vijana wanachomelea madirisha na mageti pembeni mwa barabara, cheche zinaruka, chuma kinanuka vile vile kama zamani. Huwa nawaambia: wanangu, kwenye geti la shule wekeni hata fahali mmoja mwenye nundu. Wananiuliza nani atalipa. Nimewaambia chuma cha huyo fahali nitanunua mimi.