Jiwe Kutoka Uluguru: Safari ya Miguu Hadi Santiago

Ndugu msomaji, je, umewahi kutembea kwa miguu mwezi mzima? Si kwa sababu umekosa nauli, wala si kwa kukimbia njaa au vita. Umetembea kwa kupenda mwenyewe. Mimi nimefanya hivyo, na leo nataka nikusimulie.

Nilitembea katika nchi ya Hispania, huko Ulaya. Ilikuwa mwaka 2018, kuanzia mwezi wa Mei. Njia yenyewe inaanzia katika mji mdogo wa Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa. Inavuka milima ya Pirenei, inakatiza kaskazini mwa Hispania, na inaishia katika mji wa Santiago de Compostela. Urefu wake ni kilomita 780 hivi. Huo ni mwendo unaokaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya.

Unajua kwamba Waislamu huenda kuhiji Makka. Wakristo nao wana mahali pao pa kuhiji, na Santiago ni mojawapo. Waumini husadiki kwamba kaburi la Mtume Yakobo limo ndani ya kanisa kuu la mji huo. Watu wamekuwa wakienda huko kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kwa nini nilikwenda

Nilipokuwa mtoto wa miaka mitatu niliugua sana. Kijiji chetu kiko juu katika milima ya Uluguru, na wakati ule gari lilikuwa halifiki. Mama alinifunga mgongoni kwa kanga. Akashuka mlima usiku kucha, peke yake, mpaka hospitali mjini. Nilipona.

Mama hakuwahi kujisifu kwa safari ile. Kila nilipomwuliza alijibu, "Njia ilikuwa na matope." Basi.

Alifariki mwaka 2016. Mimi nilikuwa mbali, masomoni Ulaya, na mazishi sikuyawahi. Nilipofika nyumbani, kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Nikashuka katika njia ile aliyonibebea, nikaokota jiwe dogo, nikalitia mfukoni. Nilikuwa nimesikia kwamba katika njia ya Santiago kuna mahali ambapo msafiri huacha jiwe alilotoka nalo kwao. Nikaweka nadhiri kwamba nitalifikisha jiwe lile kwa miguu yangu.

Siku za kwanza

Siku ya kwanza ni ya kupanda mlima. Unatoka chini, unapanda mpaka mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukungu ulifunika kila kitu. Nilisikia kengele za kondoo, lakini kondoo wenyewe sikuwaona. Jioni nilishuka Roncesvalles, mahali ambapo mahujaji wamekuwa wakipokewa tangu karne ya 12.

Katika njia hiyo kuna nyumba za kulala wasafiri. Kwa kawaida unalala usiku mmoja, asubuhi unaondoka. Nyingine zinaendeshwa na watu wanaojitolea, na msafiri hutoa alicho nacho. Kila msafiri ana kitabu kidogo, na kila anapolala kinagongwa mhuri. Mihuri hiyo ndiyo ushahidi wake kwamba ametembea kweli.

Siku ya nne nilishindwa. Miguu ilikuwa imejaa malengelenge. Nilikaa kando ya njia, nikavua viatu, nikaamua kurudi.

Akapita bibi mmoja wa Kihispania, mwenye mvi. Hakusema neno. Aliinua shanta langu, yaani mfuko wa kubeba mgongoni, akacheka. Kisha akanipa lake nilipime kwa mkono. Lake lilikuwa kama kilo 6. Langu lilikuwa kilo 13! Nilikuwa nimebeba suruali nne, vitabu vitatu na sufuria. Jioni ile alinifunga miguu kwa kitambaa safi, tukapunguza mzigo pamoja. Alipoliona jiwe alitaka nalo tulitoe. Nikatikisa kichwa. Akaelewa mara moja, akalirudisha mwenyewe mahali pake.

Tangu siku hiyo nilitembea polepole. Kilomita 20, kilomita 25, kisha napumzika. Baada ya mji wa Burgos tuliingia katika nchi tambarare yenye mashamba ya ngano, bila kivuli. Halafu milima ikaanza tena.

Kijiji kilichofufuka

Katika milima ya León nilifika kijiji kiitwacho Foncebadón. Zamani mahujaji walipopungua, na vijana walipohamia mijini, kijiji hicho kilikaribia kufa. Katika miaka ya 1990 mapaa yalikuwa yameanguka, na wakazi waliobaki walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi nilikuta nyumba za wageni, duka, na moshi unatoka jikoni. Nilikula mchuzi wa dengu na mkate. Kijiji kimefufuliwa na watu waendao kwa miguu.

Kesho yake alfajiri nilifika kwenye Msalaba wa Chuma. Ni msalaba mdogo juu ya mti mrefu, na chini yake kuna chungu kubwa ya mawe. Mahali hapo pako mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu wameacha mawe, picha, hata viatu vya watoto.

Nilifikiri kwamba nitalia, lakini sikulia. Niliweka jiwe langu katikati ya mengine. Nikamwambia mama kwa lugha ya nyumbani kwamba nimefika, na kwamba njia ilikuwa na matope. Halafu nikaendelea, maana nyuma yangu wengine walikuwa wanasubiri zamu.

Padri na mkebe wa rangi

Sasa utaniuliza, mgeni asiyejua lugha hujuaje njia? Jibu ni mishale ya rangi ya manjano. Imepakwa juu ya mawe, miti na kuta. Ukifika njia panda, unatafuta mshale. Hata asiyejua kusoma hawezi kupotea.

Mishale hiyo ina mwenyewe. Siku chache baada ya msalaba nilifika O Cebreiro, kijiji kilicho mlimani, mita 1,300 hivi. Huko kuna nyumba za kale za mviringo, kuta za mawe na paa la nyasi, mfano wa msonge wetu. Zamani watu na ng'ombe walilala humo pamoja ili kujikinga na baridi. Padri wa kijiji hicho aliitwa Elías Valiña. Aliona njia inasahauliwa. Mwaka 1984 alianza kupaka mishale ya manjano, kipande kwa kipande. Katika mwaka 1986 mahujaji waliofika Santiago na kuandikwa hawakutimia 3,000. Valiña alifariki mwaka 1989. Mwaka 2023 walioandikwa walizidi 440,000. Wako wengine waliofanya kazi hiyo pamoja naye na baada yake, lakini mishale ilianza na mtu mmoja wa kijijini.

Nilifika Santiago siku ya 36, mvua inanyesha. Nilionyesha mihuri yangu, nikapewa hati. Niliketi kanisani, viatu vimelowa. Nilifurahi, lakini mawazo yangu yalikuwa Uluguru.

Na njia yako?

Mwaka 2019 nilirudi nyumbani. Njia ya mama nilikuta imekatwa na mvua. Mama wajawazito walikuwa wanashukia humo humo kwenda zahanati. Niliwasimulia jirani zangu habari za yule padri. Mzee mmoja akasema, "Basi tusikae tu." Tulichimba mifereji ya kutoa maji pembeni. Tulipanga mawe kama ngazi penye utelezi. Tulipanda majani ya kushika udongo. Tulifanya kazi Jumamosi sita, kwa majembe yetu wenyewe. Mvua zilizofuata njia haikukatika.

Ndugu msomaji, huna haja ya kwenda Hispania. Lakini ipo njia inayotoka kijijini kwako kwenda zahanati, shuleni au kisimani. Usiku wa leo huenda kuna mama atakayeipita, mtoto mgongoni. Je, ni nani anayeitunza?