Dawati Letu Lilipewa 641

Tulipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akibaki darasani baada ya kipindi cha mwisho, na aliyetaka alibaki naye. Jioni moja aliandika ubaoni 4,294,967,297, akatuuliza kama ni namba tasa.

Mwenzetu mmoja akachomoa kikokotoo. Kilikuwa cha tarakimu nane, na namba ile ina kumi, kwa hiyo kioo kikaonyesha herufi E tu. "Kirudishe mkobani," mwalimu akasema. "Toeni daftari."

Kwanza alitueleza ilikotoka. Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliichukua 2 akaipandisha kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akiongeza 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Mwaka 1640 akaandika kwenye barua zake kwamba anaamini mfululizo huo utazaa namba tasa daima. Inayofuata, 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1, ndiyo hiyo ya ubaoni. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 aliyekuwa St. Petersburg, akaonyesha kwamba inagawanyika.

Ukijaribu namba tasa moja baada ya nyingine utagawanya mara 116 kabla hujaupata ukweli. Lakini Euler baadaye alithibitisha jambo ambalo mpaka leo hunisisimua: kigawo chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Kwa sharti hilo, kuanzia mwanzo hadi 641, namba tasa za kujaribu ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Mwalimu akazigawa kwa madawati. Letu likapewa 641.

Tukaanza. 641 katika 4,294 inaingia mara 6, baki 448. Tukashusha 9: 4,489, mara 7, baki 2. Kisha sifuri mbili mfululizo. Tukafika 2,672, mara 4, baki 108. Tukashusha 9: mara 1, baki 448, baki ileile ya mwanzo. Safari hii tarakimu ya kushusha ilikuwa 7, na 4,487 ni 641 mara 7 kamili. Hakikubaki kitu. Jibu letu, 6,700,417, nalo ni namba tasa.

Mwalimu hakutuambia tumepatia. Alituagiza tuzidishe tuone wenyewe, tukazidisha.

Mtoto aliyemaliza darasa la saba ana hesabu yote inayohitajika kumsahihisha Fermat, na naona ni hasara kubwa kumnyima nafasi hiyo. Walimu, wapeni namba hii na karatasi. Wakishamaliza, waambieni pia kwamba mpaka sasa haijapatikana namba tasa ya sita katika mfululizo ule, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.