Mkono Chini ya Mkono

Mmezoea tuandike habari za singo, hina na nguo za harusi, na leo pia harusi imo, ila mtuvumilie kwanza twende Singida.

Sisi wawili ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, tumelelewa nyumba moja Unguja na chuo cha ualimu tumesoma pamoja. Tulitakiwa kumfuata mwalimu wa elimu maalumu kama kivuli chake kwa wiki nne: tusifundishe, tuangalie na tuandike. Tukapangiwa mkoa wa Singida, upande wa Ikungi. Boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi kutwa nzima, Morogoro, Dodoma, Manyoni, mpaka tukaanza kuona mashamba ya alizeti na yale mawe makubwa yaliyokaliana kama kuna mtu aliyeyapanga. Upepo wa kule hauna adabu. Wiki ya kwanza mabaibui yetu tuliyashika kwa mikono miwili.

Skuli yenyewe (wao wanasema shule) ni ya mchanganyiko. Wanaoona wanasoma pamoja na wasioona na wenye ualbino. Wenye ualbino Mwalimu aliwaketisha mbele, dirisha likiwa mgongoni, kwa sababu wengi wao macho huona kwa shida na mwanga mkali huwaumiza. Mtoto akitaka kunyanyuka katikati ya kipindi aende ubaoni asogeze uso karibu na maandishi, haombi ruhusa. Mambo madogo kama hayo yalijaza madaftari yetu.

Lakini kilichotushika ni nukta nundu. Tulikuwa tukiyajua maandishi haya kwa jina tu. Kila herufi inatoka katika nukta 6, mbili kwa upana na tatu kwa urefu. Nukta moja ya juu kushoto ni a, ukiongeza ya chini yake ni b. Mashine ya kuandikia ipo, nzito kama jiwe la kusagia, lakini haitoshi darasa zima, kwa hiyo wengi hutumia kibao chenye vitundu na kijisindano cha kutobolea karatasi nene. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama sisi chuoni kwa maalim, halafu unageuza karatasi na vidole vinasoma kutoka kushoto. Hata msahafu wa nukta nundu, pamoja na kuwa ni Kiarabu, husomwa kutoka kushoto. Hilo hatukulijua.

Mwalimu aliwasimulia watoto habari za Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Mtoto wa miaka 3 akachezea kifaa cha kutobolea ngozi kikamchoma jicho, na baadaye yote mawili yakapofuka. Mwaka 1829 akachapisha maandishi haya. Mtoto mmoja akanyanyua kijisindano chake akauliza, "Kilikuwa kama hiki?" Mwalimu akasema, "Kama hicho." Darasa likanyamaza, kisha likaendelea kutoboa.

Siku ya nne tulikosea. Binti wa darasa la pili alikuwa akisoma, kidole kikagota kwenye neno. Kikarudi nyuma, kikaja tena, kikagota. Mmoja wetu akaona huruma, akaushika mkono wa yule mtoto na kuuvuta mpaka neno linalofuata. Mtoto aliuchomoa mkono wake kwa nguvu.

Mwalimu hakusema kitu mbele ya watoto. Mapumziko akatuita chini ya mti. "Wewe ukisoma gazeti ukakwama, nije nikushike kidevu nikugeuze uso?"

Tukacheka kwa aibu. Yeye hakucheka. "Mikono yake ndiyo macho yake. Ukitaka kumwonesha kitu, weka mkono wako chini ya wake, si juu. Akitaka aufuate, asipotaka auondoe. Na ukiona amekwama, subiri. Akishindwa atakuuliza, ana mdomo."

Halafu akatuuliza swali ambalo halikuwamo katika fomu za chuo: "Nyumbani kwenu yupo asiyeona?"

Tukajibu hapana. Wote wawili, kwa pamoja, bila kutazamana.

Yupo. Mdogo wetu ana miaka 12. Surua ilimpofua akiwa hajatimiza miaka 2. Skuli hakupelekwa, "ataanguka, ataonewa". Alihifadhi juzuu ya thelathini nzima kwa kutusikiliza sisi tukidurusu kwa sauti, na sisi ndio tuliokuwa tukimuuliza tukisahau. Sura ya Abasa, iliyoshuka kwa ajili ya Abdullah bin Ummi Maktum, yule sahaba asiyeona, yeye aliishika kabla yetu. Na siku ilipoletwa posa ya mmoja wetu, huyohuyo alipelekwa chumba cha nyuma na kuambiwa asikohoe, wageni wasije wakasema ukoo una kasoro. Mlango tuliufunga sisi. Wazee waliagiza, lakini mkono uliogeuza ufunguo ulikuwa wetu.

Tulimrudia Mwalimu kesho yake tukamwambia kweli. Hakushangaa. Nadhani, samahani, tunadhani alikwishajua. Aliingia ofisini akatoka na kibao cha zamani, kijisindano, na karatasi nene kumi na kitu. "Mwanzo jina lake," akasema.

Usiku ule mmoja wetu alimpigia mchumba wake. Alimwambia yote, pamoja na ule ufunguo. Upande wa pili ukawa kimya hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Anaitwa nani?"

Mama alikuwa mgumu zaidi. Alisema harusi si mahali pa kutangaza mitihani ya watu, na kwamba bara tumekwenda kusoma, si kujifunza ubishi. Hakukubali siku ile, wala iliyofuata. Tuliiacha simu na Mama, tukaomba kuzungumza na mdogo wetu. Tukamwambia siku ya ukumbini atakaa mbele, ubavuni mwa biharusi, na akitaka kutembea atashika mkono wetu yeye, hatumshiki sisi.

Alinyamaza kidogo. Tulisikia upepo wa Singida tu, ukipiga bati la nyumba tuliyopanga.

"Nguo yangu rangi gani?" akauliza.

Tukamtajia.

"Hiyo siitaki," akasema. "Niambieni nyingine, na mnieleze kila moja ikoje."

Salio lilikwisha tukiwa bado kwenye rangi ya tatu.