Unguja na Pemba: Nchi Ndogo na Milango Yake

Katika mtaa wa Kaloleni, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, hapana mpishi wa pilau asiyeijua karafuu. Hununuliwa kidogo kidogo, ikatiwa chunguni pamoja na iliki, mdalasini na bizari nyembamba, na mlaji huiweka kando ya sahani bila kuifikiri. Lakini punje ile ndogo ilijenga majumba makubwa, ikatajirisha wafalme, na kwa zaidi ya miaka mia moja ikalisha nchi nzima. Nchi hiyo ni Zanzibar, yaani visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vilivyo kandokando yake. Yafaa mkulima na karani wa bara waijue habari yake, kwa kuwa matata ya nchi ndogo yafanana sana na matata ya nyumba yenye mshahara mmoja.

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na pale ilipo pana zaidi hupata kilomita 39. Pemba ni ndogo kuliko hiyo: urefu wake ni kilomita 67 hivi, na upana kilomita 23. Ukivijumlisha visiwa vyote viwili, eneo lake halifiki mara nne ya Kaunti ya Nairobi. Unguja iko karibu na bara, yapata kilomita 35, na bahari iliyo katikati si ya kina kirefu. Wataalamu husema kwamba hapo kale kisiwa hicho kilishikana na bara. Pemba, kwa upande wake, imetengwa na mkondo wenye kina kikubwa mno.

Udongo nao haukugawanywa sawasawa. Upande wa magharibi wa Unguja una rutuba, na ndiko yaliko mashamba mengi ya minazi na mikarafuu. Upande wa mashariki ni mawe ya matumbawe, na mkulima hutafuta vishimo vyenye udongo apande muhogo au mtama. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Mikarafuu husimama vilimani, na mpunga hulimwa mabondeni. Mvua kubwa ya masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na ile ya vuli huja mwisho wa mwaka. Pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kisha zikayarudisha kwao.

Kwa mlango huo wa bahari waliingia watu wa kila namna. Wenyeji wa visiwa ni Wahadimu wa kusini na mashariki ya Unguja, Watumbatu wa kaskazini, na Wapemba. Wengi wao walijiita Washirazi. Waarabu walitoka Omani, Wahindi walikuja kwa biashara, Wangazija walivuka kutoka visiwani kwao. Watu wa bara nao walikuwa wengi: kwanza waliletwa kwa nguvu kama watumwa, na baadaye wengine walikuja kwa hiari kutafuta kazi. Mwaka 1958 wakazi wote walihesabiwa karibu 300,000. Mwaka 2022 walihesabiwa 1,889,773. Watu wamezidi mara sita, wala ardhi haikuongezeka hata shubiri.

Mtu wa Kaloleni aweza kuona hapo sura ya mtaa wake. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba za mawe zisizo na ghorofa, zenye mapaa ya vigae vyekundu, na ndani yake wakakaa watu wa makabila mengi walioletwa mjini na kazi. Lakini iko tofauti moja kubwa. Katika Kaloleni wote walikuwa wapangaji wa baraza la jiji, na hapana kabila lililomiliki nyumba ya kabila jingine. Katika Zanzibar ya zamani mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa wachache, hasa Waarabu, na biashara na mikopo ilikuwa kwa Wahindi. Waafrika wengi waliokwea mikarafuu hawakuwa na mashamba hayo. Watu waweza kusema lugha moja, kusali pamoja na kuoleana, na bado swali la nani mwenye shamba likakaa kati yao kama mwiba. Lugha yenyewe ilikuwa urithi wa wote: mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa hiyo hata mtoto wa shule aliye mbali na bahari amefundishwa kwa lugha ya kisiwa hicho.

Katika habari za utawala, Seyyid Said wa Omani alihamishia makao yake Unguja mnamo 1840. Baada ya kufa kwake mwaka 1856, Zanzibar na Omani zikatengana. Mwaka 1890 Waingereza waliifanya nchi kuwa himaya yao. Tarehe 27 Agosti 1896 mtawala mmoja alipokalia kiti bila idhini yao, manowari zilipiga jumba la mfalme, na vita vikaisha kabla ya saa moja. Kenya nayo iliguswa na utawala huo. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi ulihesabiwa kuwa nchi ya Sultani. Kwa mkataba wa 1895 Waingereza waliutawala kwa kumlipa paundi 11,000 kila mwaka, na bendera yake ilipepea Mombasa hata Kenya ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1963.

Haja ya watu kujitawala ilisikika kote. Katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alitamka mbele ya mkutano kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru wao. Mwezi uliofuata alikamatwa, asiachiliwe hata 1961. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, lakini uchaguzi ulikuwa umekwisha kuwagawa watu. Fujo za Juni 1961 peke yake ziliua watu 68. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliiondoa serikali ya Sultani. Maelfu waliuawa, na wengine wengi walikimbia. Tarehe 26 Aprili mwaka huo huo Zanzibar iliungana na Tanganyika. Leo ina Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi kwa mambo yasiyo ya Muungano, na katika kila shehia yupo sheha, ambaye mwananchi humwendea kwanza akiwa na shida.

Sasa tuache viti vya wakubwa, tutazame chungu cha nyumbani. Mkarafuu uliletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Hukaa miaka sita au saba ndipo uanze kuzaa, na kinachochumwa si tunda, bali ni tumba la ua kabla halijachanua. Mchumaji hukwea, hushusha vishada, huchambua karafuu na kuzitenga na makonyo, kisha huzianika juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Zikinyeshewa huharibika rangi, na bei hushuka. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo itoayo karafuu nyingi.

Baada ya Mapinduzi mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali, na familia nyingi zilipewa eka tatu tatu. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali, na kwa miaka mingi bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo kuliko ile ya soko la dunia. Nje ya nchi nako mteja mkubwa alikuwa mmoja: Indonesia, iliyotia karafuu katika sigara zake. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, bei ya dunia ilianguka. Mkulima wa Pemba, alipoona mlango wa mbele unalipa kidogo, alitafuta dirisha: karafuu nyingi zilivushwa kwa magendo usiku hadi pwani ya Kenya. Askari walipelekwa kuzuia, lakini dawa iliyofaa zaidi ilikuwa kumpandishia mkulima bei, kama serikali ilivyofanya mnamo 2011.

Visiwa vilijifunza kutafuta milango mingine. Tangu 1989 wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, hulima mwani baharini maji yanapokupwa, na wengi wao walishika fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Utalii nao ulikua hata ukaipita karafuu. Lakini mlango mpya nao una komeo lake. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia safari za dunia, hoteli zilikaa tupu. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ulipoharibika mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 kikakaa hivyo tena kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, na mafundi wakakaa bila kazi.

Hapana bahari inayoizunguka Kaloleni, lakini maji yake huja kwa bomba kutoka mbali, unga wake huja kwa lori, na fedha yake huja mwisho wa mwezi. Mkulima wa kahawa wa Nyeri au Kiambu naye aikumbuka 1989, mkataba wa kahawa wa dunia ulipovunjika na bei ikaporomoka. Hakuwa kisiwani, ila alikuwa na mmea mmoja na mnunuzi wa mbali. Basi udogo wa Zanzibar haukuwa kosa lake, wala si udogo peke yake uliomletea taabu mtu wake. Taabu ilikuja kila mara riziki ya wote ilipopita mlango mmoja, na ufunguo ukawa kwa mtu mwingine. Mwenye mshahara mmoja na ashone, afuge kuku, au atunze shamba lake la nyumbani. Mwenye kahawa na apande mahindi na migomba pembeni. Naye atawalaye, awe wa kisiwa au wa mtaa, na akumbuke kuwalipa haki yao wale wanaokwea mti, kwa maana mti wa thamani usiomlisha mchumaji wake hauna amani chini ya kivuli chake.