Jina la Kwenye Tenki

Pikipiki yenye mkataba haiandikwi jina. Sheria hii sikuitunga mimi, wala haimo kwenye kanuni za usafiri. Niliikuta vijiweni, kuanzia stendi ya Bweri hapa Musoma hadi Bunda mjini. Dereva ambaye bado analeta hesabu anaweza kubandika nembo ya Simba au Yanga, au mistari ya rangi kwenye madigadi. Jina lake mwenyewe, la mama yake au la mtoto wake, litasubiri siku atakapokabidhiwa kadi. Siku hiyo wengine hupita kwangu kwanza, ndipo waende TRA kubadilisha umiliki.

Kwa asiyejua, mkataba wenyewe uko hivi. Mwenye fedha ananunua Boxer au TVS mpya, anampa kijana, na kijana anapeleka hesabu kila wiki mpaka kiasi walichokubaliana kitimie. Hapo pikipiki inakuwa yake. Mikataba niliyoiona mimi ni ya mwaka na ushee: shilingi 60,000 kwa wiki, wiki 60, yaani 3,600,000. Mafuta, oili na pancha ni juu ya dereva, na mvua pia ni yake.

Mimi niliingia humu kwa mlango wa herufi. Nasoma shahada ya uzamili katika Kiswahili, na tasnifu yangu inahusu maandishi ya khanga. Khanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ndiyo yale maneno ya chini, hata yakiwa methali nzima. Nilipomaliza masomo ya darasani nilirudi nyumbani kuandika, nikiwa na deni la ada na shilingi 650,000 nilizodunduliza kwa kufundisha tuisheni. Fedha hizo zilinunua mashine ya mtumba ya kukatia stika. Binamu yangu, dereva wa bodaboda, akanipa nusu ya banda lake Nyasho, na dada wa saluni ya jirani akakubali kuniazima drayer saa ambazo hana mteja.

Ni kazi ya subira zaidi kuliko ya kuchora. Kisu cha mashine kinatakiwa kikate stika bila kutoboa karatasi ya nyuma; ukikikaza kidogo tu umeharibu, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Ukishakata, unang'oa kwa sindano vipande visivyotakiwa, hata yale matumbo madogo ya herufi a na o. Tenki linaoshwa kwa sabuni, linapanguswa kwa spiriti, linanyunyiziwa maji ya povu ili stika iteleze mpaka ikae pake. Kisha unasukuma maji nje kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, na kwenye mikunjo unapasha moto kwa drayer hadi stika inywee kwenye bati.

Kila mji una adui wake. Pikipiki za Mwigobero hubeba samaki, na maji ya samaki huingia chini ya kingo za stika na kuzinyanyua. Bunda adui ni vumbi: lazima nibandike alfajiri, kabla magari ya Mwanza hayajachachamaa. Butiama ni mawe. Madigadi hurudi kwangu yamekwaruzwa kama ubao wa kukatia nyama. Ndiyo maana nimeweka bei moja ya kubandika, na kurudishia kingo ni bure ndani ya mwezi mmoja. Wateja wa vijiweni huletana wenyewe. Ukimridhisha mmoja, kesho utasikia, "Dada, nataka kama ya yule."

Butiama ndiko nilikopata oda iliyonikalisha usiku. Kijana mmoja alitaka maneno "Uhuru na Kazi", kaulimbiu ya zamani ya TANU, kwa herufi za njano juu ya tenki jeusi. Nilimuuliza kama amemaliza mkataba. Akacheka: "Bado, dada. Kazi ninayo, uhuru bado wiki 22." Kijiwe chake hakiko mbali na alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Nikakumbuka kwamba Mwalimu, kati ya shughuli zote za urais, alipata muda wa kutafsiri tamthilia ya Shakespeare inayohusu hati ya deni, mdai asiyelegeza neno hata moja, na ratili ya nyama ya mwili. Ilichapishwa mwaka 1969, na mfanyabiashara wa kwenye jina la Kiingereza yeye alimgeuza kuwa mabepari: Mabepari wa Venisi. Darasani tuliijadili kama suala la tafsiri. Pale kijiweni nilianza kuisoma kama habari za mtaani.

Miezi michache baadaye ikanifikia. Dereva mmoja wa Musoma, akiwa wiki ya 44, aliomba jina la binti yake kwenye tenki jekundu. Nilimwambia sheria ya vijiweni. Akampigia mwenye pikipiki, akaweka sauti ya nje, na mzee akasema, "Mwandikie tu, huyu hana shida." Nikaandika. Lilikuwa jina la herufi sita, na nilimpunguzia bei kwa sababu mtoto mwenyewe alikuja kusimamia.

Katika wiki ya 57 mzee alikuja na pikipiki ileile, akiiendesha mwenyewe polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, nibandulie hili jina."

"Kijana yuko wapi?"

"Mkataba umevunjika."

Kijana alikuwa amevunjika mguu barabara ya Makoko. Wiki tatu hakupeleka hesabu, na karatasi waliyosaini ilisema wiki tatu bila hesabu, chombo kinarudi kwa mwenyewe. Fedha alizokwisha kulipa hazikutajwa. Alilipa wiki 53, shilingi 3,180,000. Zilibaki 420,000.

Pikipiki ilikuwa ya mzee kwa kadi. Nililibandua jina. Lakini kwa majuma yale ya jua rangi yote ya tenki ilikuwa imepauka, isipokuwa chini ya stika, na herufi sita zikabaki pale zikisomeka, nyekundu kuliko mwanzo. Mzee aliziangalia, akaagiza ukanda mpana mweusi wa kuzifunika. Siku nne baadaye nikaiona pikipiki hiyo Bweri na kijana mwingine. Ameanza wiki ya kwanza.

Nilienda kumwona yule wa kwanza nyumbani kwao na kuomba niisome ile karatasi. Ukurasa mmoja, mwandiko wa kalamu, sahihi mbili na shahidi. Walikwenda kwa mtendaji wa mtaa, na mtendaji naye alisoma kilichoandikwa. Kisichoandikwa hakikumsaidia mtu. Sina uwezo wa kubadilisha karatasi hiyo. Ninachojua ni herufi, na kule mwanzoni herufi zilipungua.

Kwa hiyo bandani kwangu sasa kuna bango la pili: "Tunachapa mikataba." Ukurasa ni shilingi 1,000. Kabla sijachapa, nawauliza wote wawili, wakiwa wamekaa benchi moja, mambo matatu: dereva akiugua itakuwaje, chombo kikiibiwa itakuwaje, na mkataba ukivunjika karibu na mwisho, nani anarudishiwa nini. Baadhi ya wenye fedha huinuka na kuondoka. Wengi hubaki, wakavutana mbele yangu, wakapatana, nami nachapa walichopatana. Mmoja aliniambia hakuwa na nia mbaya. Hakuwahi kuulizwa tu.

Mchumo wa mikataba ni mdogo kuliko wa stika, lakini unaongezeka. Tasnifu nayo imepata sura moja ambayo sikuipanga, na msimamizi wangu ameniruhusu niiendeleze.

Yule wa Butiama amebakiza wiki tisa. Kila Jumamosi ananitumia ujumbe wenye tarakimu moja tu, bila salamu. "Uhuru na Kazi" nimeshayakata; yako kwenye droo, yamelazwa katikati ya khanga mbili ili kingo zisijikunje.