Haki, Hati na Spika Zangu

Naomba nianze kwa kumtoa hofu msomaji: spika ninazozizungumzia leo hazina uhusiano wowote na Bunge. Ni makasha mawili ya mbao, yenye urefu usiozidi sentimita 30, ambayo kwa miaka 14 yamekaa juu ya rafu ya vitabu sebuleni kwangu, Dar es Salaam. Niliyanunua yakiwa mtumba nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uingereza, nikayaviringisha ndani ya masweta na kuyaleta nyumbani katika sanduku lililokusudiwa kubeba vitabu. Mke wangu hajalisahau jambo hilo.

Mwaka huu nilianza kuamini kwamba yamechoka. Nilipoweka diski ya Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na ambayo nyimbo zake zililea rika langu, besi ilisikika, tumba zilisikika, magitaa na tarumbeta vilisikika. Matoazi, hata hivyo, yalikuwa kama yamefunikwa blanketi. Waimbaji niliwasikia wakiimba, lakini maneno yao yalinitoka kabla sijayashika. Spika ya aina hii huwa na koni kubwa kwa ajili ya sauti nene na za kati, na nyingine ndogo, twita, kwa ajili ya sauti nyembamba. Nikahitimisha kuwa twita zimekwisha. Nikatenga shilingi 1,600,000 zilizotokana na posho za kutahini tasnifu, nikawa nasoma habari za spika usiku, wakati tasnifu nyingine zikinisubiri mezani.

Jumamosi moja nilikwenda dukani Kariakoo pamoja na binti yangu wa miaka 15, tukiwa tumebeba spika zangu za zamani ili zilinganishwe na mpya. Muuzaji, kijana wa miaka ishirini na ushei, aliniamkia, akaunganisha pea zote mbili kwenye amplifaya moja, kisha akasawazisha ukubwa wa sauti. Hatua hiyo ni ya lazima, kwa sababu sikio hudanganyika kirahisi: chenye kishindo zaidi hudhaniwa ndicho bora zaidi. Akapiga wimbo uleule, akihama kutoka pea moja hadi nyingine.

Blanketi lilikuwa palepale. Nikamwambia kwamba hata hizo mpya zina kasoro. Kijana akamtazama binti yangu, binti yangu akanitazama mimi.

"Mzee, hizi mpya zinachoma kabisa kwa juu," akasema kwa upole. "Na za kwako nazo nzima. Matoazi yapo."

"Yapo, Baba," binti yangu akaongeza. "Kwenye zote."

Tulirudi nyumbani na spika zetu, bila kuzungumza sana. Usiku ule binti yangu alifungua programu ya simu inayotoa mlio unaozidi kuwa mwembamba hatua kwa hatua. Kwa kawaida kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia mitetemo 20 hadi karibu 20,000 kwa sekunde, na kadiri umri unavyosogea kikomo cha juu hushuka. Mimi nilinyamaza mapema. Yeye aliendelea kuinua kidole kila aliposikia mlio, na mimi nikabaki nikikitazama kidole hicho katika ukimya.

Nilikwenda kupimwa hospitalini. Mchoro niliopewa ulionesha kwamba masikio yote mawili ni mazuri kwa sauti nene, kisha mstari unatumbukia kama korongo kwenye mitetemo 4,000 kwa sekunde. Mtaalamu aliniuliza kama niliwahi kufanya kazi penye kelele. Nikataka kujibu kwamba mimi ni mhadhiri, kisha nikaikumbuka mashine ya kusaga ya mjomba wangu huko Morogoro. Likizo zote za shule nilishinda mle ndani nikipokea madebe ya mahindi, na jioni masikio yalivuma hadi usingizi unichukue. Tulidhani mvumo ule ni uchovu. Katika nchi nyingi, kiwango cha kelele ambacho mfanyakazi hapaswi kukizidi ni desibeli 85 kwa saa nane. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini kila nipitapo penye mashine ya kusaga namwona kijana aliyejaa unga hadi kwenye kope, masikio wazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upotevu wa usikivu unaohitaji matibabu au msaada. Sikuwahi kujihesabu miongoni mwa watu wanaoweza kufikiwa na jambo hilo.

Jambo lililoninyima usingizi, hata hivyo, halikuwa muziki. Mtaalamu alinieleza kwamba irabu hubebwa na sauti nene, ambazo mimi nazisikia vizuri. Konsonanti kama s, f, t na k hutegemea zaidi sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu wa aina yangu husikia kwamba anasemeshwa, lakini halipati neno lenyewe. Na kwa kuwa sauti imemfikia, hashuku masikio yake. Humshuku msemaji.

Hapo nikamkumbuka mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Muhula uliopita, katika mhadhara kuhusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, alisimama nyuma kabisa ya ukumbi na kuuliza kuhusu ardhi ya wajane. Nilimsikia akitaja hati. Nikampa maelezo marefu: kijiji kipimwe mipaka, kipate cheti cha ardhi ya kijiji, mwombaji apeleke maombi kwa halmashauri ya kijiji, hatimaye apewe hatimiliki ya kimila. Akasema hakuuliza hivyo, akarudia swali. Nikasikia hati tena, nikarudia utaratibu. Ukumbi ukaanza kucheka. Aliporudia mara ya tatu nilimwambia kwamba chuo kikuu si mahali pa kunong'ona, na kwamba mwenye hoja huitamka. Aliketi. Hakuuliza swali jingine hadi muhula ulipokwisha.

Alikuwa ameuliza kuhusu haki. Nilithibitisha hivyo nilipomtafuta mwezi uliopita na kumwomba aniandikie lile swali. Aliandika kwa mistari miwili: sheria inatamka wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, je, haki hiyo inamfaa nini mjane ambaye hati imeandikwa jina la marehemu peke yake, na wakwe wako mlangoni? Ni swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, nami nililijibu kwa kueleza fomu.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watanisamehe nikisema kwamba kosa hili nimeliona pia nje ya ukumbi wangu. Mwananchi husimama mkutanoni akadai haki, akajibiwa kuhusu hati, na akirudia huambiwa kwamba hajaelewa na anahitaji elimu zaidi. Kisha hukodiwa vyombo vikubwa zaidi ili elimu hiyo imfikie. Sidai kwamba kila anayejibu hivyo ana nia mbaya. Mimi sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na hakika tu kwamba kasoro iko upande wa pili, na cheo changu kiliniepusha na mtu wa kuniambia vinginevyo, hadi muuza spika aliponiambia.

Spika mpya sijanunua. Zile za zamani nimeziondoa kwenye kona ya rafu, ambako ukuta ulikuwa ukiinenepesha besi na kuzidi kunifunikia maneno. Nimezisogeza mbele, twita zikiwa usawa wa masikio yangu nikiwa nimeketi. Zimesikika vizuri zaidi, na gharama yake ilikuwa ugomvi mdogo kuhusu nafasi ya stuli. Matoazi bado siyapati.

Zile shilingi 1,600,000 zingali benki. Vifaa vya kusaidia kusikia nilivyoelekezwa vinagharimu zaidi ya hapo, na nakiri kwamba fedha si kizuizi pekee. Bado naona haya kusimama mbele ya wanafunzi 200 na kidude sikioni. Nimeshapanga siku ya kurudi kwa mtaalamu, nimeiahirisha mara moja, na binti yangu ameiandika tarehe mpya kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu.

Katika mhadhara wa kwanza wa muhula huu nililisoma lile swali la mjane kwa sauti, nikaeleza kwa nini sikulijibu, kisha tukalijadili kwa saa nzima. Mwenye swali lake alikuja kusikiliza. Safari hii aliketi mstari wa mbele, na alipotaka kunipinga aliniangalia usoni, akatamka taratibu.