Chapati za Kangemi

Juma lililopita tulipanda kutoka Mombasa kuwazuru jamaa zetu Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki. Mwenyeji wetu alikanda unga wa ngano, akaupaka samli, akaukunja kama konokono, kisha akausukuma na kuuchoma juu ya chuma. Huko Pakistani chapati ni mkate mkavu. Huu wenye matabaka huitwa paratha. Sisi tumeupa wa pili jina la wa kwanza, wala hatuoni kasoro!

Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, wengi wao watu wa Panjabi waliopandia meli Karachi. Mapishi yao yakasalia nchini.

Ilifuata chai ya maziwa yenye iliki, kisha mala baridi, jamaa wa karibu wa lassi ya Wapakistani. Lakini nyumba ile hainunui ngano kila siku. Watoto walikuwa wakizihesabu chapati kwa macho. Safari ijayo, inshallah, tutabeba unga na kopo la samli, tuvikabidhi jikoni kimyakimya kabla ya kuketi.